Grupu O haizuii homa ya ini: mimi ni O na ninayo

Dada mtoa mada, umeuliza kama ni kweli wewe wa grupu O huwezi kuambukizwa na mumeo aliyekutwa na hepataitisi B, yaani homa ya ini aina ya B. Si kweli. Mimi ni O chanya na kirusi hicho ninacho, nimekijua mwaka 2018.

Nilikwenda kuchangia damu karibu na mwalo wa Kirumba, Mwanza. Nilipoomba kujua grupu langu, dada wa maabara alidondosha damu yangu mara tatu kwenye kigae cheupe, akatia dawa ya bluu, ya njano na isiyo na rangi, akakoroga na kijiti. Matone mawili yakabaki laini, la tatu likakatika vipunje vipunje kama maziwa yaliyochacha. "O chanya, damu yako inatafutwa sana," akasema. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Wiki kadhaa baadaye nikapigiwa simu: damu ile isingeweza kupewa mgonjwa.

Sasa kwa nini watu wanasema mambo ya grupu? Kwanza, tafiti zenyewe zinavutana: moja inaona O wameathirika zaidi, nyingine inaona wana nafuu, nyingine haioni tofauti. Pili, huku kwetu O ndio wengi. Ukikaa benchi la kliniki ya ini ukauliza mmoja mmoja, O watakuwa wengi. Ni kama mtu ahesabu mitumbwi iliyozama ziwani aseme mbao ndiyo mkosi, wakati karibu mitumbwi yote ni ya mbao.

Na kuna hii ya herufi. Mke wangu ni grupu B. Mtu wa maabara fulani ya mtaani alimwambia kwa uso mkavu kwamba watu wa B ndio "wanaoendana" na hepataitisi B! Herufi za damu zilitoka kwa Landsteiner, daktari wa Austria aliyegundua magrupu, mwaka 1901 (O yetu yeye aliiita C). Herufi ya ugonjwa ilipendekezwa 1947 na daktari MacCallum kule Uingereza, kutenganisha homa ya ini ya chakula na maji machafu, A, na ile ya damu, B. Hazina undugu. Grupu ni alama zilizo juu ya chembe nyekundu. Kirusi kinaingia kwenye seli za ini, kwa mlango unaopitisha chumvi za nyongo.

Tulipima ukoo mzima. Mama O, anacho. Kaka O, anacho. Dada yangu A, anacho. Mdogo wetu wa mwisho, O kama mimi, kazaliwa 2006, hana. Tofauti yake na sisi ni sindano: chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002. Sisi wakubwa nadhani tulikipata kwa mama au utotoni, na ukiambukizwa ukiwa mchanga, takribani mara 9 kati ya 10 kinabaki mwilini. Mtu mzima anayeambukizwa mara nyingi mwili wake hukifukuza wenyewe. Kwa hiyo ukikuta familia ina grupu moja na ugonjwa mmoja usishangae, vyote viwili vinaweza kutoka kwa mama.

Nimeishi kambi ya wavuvi upande wa Ukerewe, wembe mmoja ukizunguka videvu vitano, unasuuzwa tu ziwani. Kirusi hiki kinadumu nje ya mwili siku 7 au zaidi. Hapo ndipo pa kuogopa. Sahani ya ugali na sato mle pamoja bila wasiwasi.

Wewe kapime kwanza. Kama huna na hujawahi kuwa nacho, chanja sindano tatu: leo, baada ya mwezi, na miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kondomu hadi umalize. Kama una mimba waambie kliniki mapema, mtoto anatakiwa kuchanjwa ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Mumeo naye arudie kipimo baada ya miezi 6, ndipo wajue kama kimekaa, na apimwe ini na wingi wa virusi. Si kila mtu anaanzishwa dawa. Mimi bado, naenda kliniki kila miezi 6. Unga wa mitishamba niliuziwa pia, vimeng'enya vya ini vikapanda kwenye vipimo, dalili kwamba ini linaumia, nikauacha.

Mke wangu alimaliza sindano ya tatu 2019, bado hana kitu. Ukipata majibu, urudi hapa utuambie.