Si kila "corn" ni mahindi, wadogo zangu

Wiki hii nimeletewa rasimu ya tafsiri kutoka Kiingereza ambayo ndani yake ndugu zake Yusufu wanashuka Misri kununua mahindi. Mahindi! Zao la bara la Amerika, ambalo upande wetu wa dunia haukulijua hadi baada ya safari ya Columbus ya 1492, limemfikia Farao kwa kalamu ya mmoja wenu. Simtaji. Anajijua, na chai ya kesho ni juu yake.

Basi tuelewane.

1. "Corn" asili yake ni punje, kisha nafaka, hasa ile inayotawala mashamba ya mahali husika. England ilikuwa ngano, Scotland oti. Waingereza walipohamia Amerika na kuyakuta mahindi, wakayaita "Indian corn", yaani nafaka ya wenyeji wa kule. Baadaye "Indian" likadondoka, likabaki "corn" peke yake. (Msiwacheke. Sisi nasi zao hilohilo tumelipa jina linalonukia Uhindi.) Kwa hiyo kabla hujagusa kibodi, uliza matini chanzi, yaani ile unayoitafsiri, ni ya wapi na ya lini. Biblia ya King James ni ya 1611, na ni Kiingereza cha England. Yohana 12:24 inasema "corn of wheat", na wazee wetu wa Union Version, Biblia ya Kiswahili, wakaandika "chembe ya ngano" bila kubabaika.

2. Sentensi ikigoma, usiirekebishe wewe. Hapa naongea kwa uchungu. Nikiwa mgeni kama ninyi nilipewa sura ya historia ya Uingereza kuhusu "Corn Laws", sheria za 1815 zilizozuia ngano ya nje kuuzwa nchini hadi bei ya ngano ya ndani ifike shilingi 80 kwa kota, kipimo chao cha nafaka. Zilifutwa 1846, Robert Peel akiwa waziri mkuu. Mimi nikaandika "Sheria za Mahindi", tena kwa herufi kubwa. Kosa hilo pekee lingesameheka. Tatizo ni kwamba matini yenyewe ilinionya. Aya ya pili ilisema wafanyakazi wa mijini walilalamikia bei ya mkate. Nikasimama: mahindi na mkate wapi na wapi? Mtu mwenye akili angefungua kamusi. Mimi nikaandika "mkate wa mahindi", nikajipongeza kwa kuweka mambo sawa. Mbele kidogo likaja neno "wheat" lenyewe, wazi kabisa. Nikadhani mwandishi amehamia zao jingine, nikatia "pia" ili aya itiririke. Kumbukumbu ya tafsiri, ile programu inayohifadhi tafsiri zako na kukurudishia, nayo ikashika "corn" ni mahindi na kunipachikia kila ukurasa. Prufu, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, ikapita, kitabu kikachapwa. Kisha mwalimu mmoja wa historia akamwandikia mteja, kwa adabu iliyokata kuliko matusi, akiuliza ni mkoa gani wa Uingereza uliokuwa ukilima mahindi mengi hivyo. Mteja akanipelekea barua bila kuongeza neno. Yale mahindi ya kuchoma pale nje ya ofisi sikuyanunua muda mrefu.

3. Safisheni kumbukumbu ya tafsiri kila kazi inapoisha.

4. Someni tafsiri kwa sauti.

5. "Corned beef" haina mahindi. Kuna aliyeniandikia "nyama ya ng'ombe yenye mahindi" kwenye lebo, nami nikacheka hadi machozi, kisha nikakumbuka namba 2 na kunyamaza. "Corn" ya hapo ni punje za chumvi, zile kubwa za kukolezea nyama isioze. Vivyo hivyo "peppercorn" ni punje ya pilipili manga, na "barleycorn" ni punje ya shayiri: tatu zilifanya inchi moja, na hadi leo saizi za viatu vya Uingereza hupanda kwa theluthi ya inchi. Ile "corn" ya kidole cha mguu, inayosababishwa na viatu hivyohivyo vikibana, ni neno jingine kabisa, limetoka kwenye "cornu" ya Kilatini, pembe. Hiyo andikeni sugu. Aliyeandika "mahindi ya vidoleni" kwenye kijikaratasi cha dawa aje mezani kwangu kabla mteja hajakiona.