Wakwe kutoka Tanga wanakuja Mwanza Desemba: uwapeleke wapi?

Mkuu, umesema wakwe zako, shemeji na watoto wanakuja kutoka Tanga Desemba, nyumba yako Nyakato ina vyumba viwili, na umeshawaahidi Serengeti. Mimi niko Igoma, na wageni wa aina hiyo napokea karibu kila likizo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Anza na malazi. Baba mkwe usimlaze kwenye kitanda chako na mkeo. Kwa wazee wengi huo ni mwiko, na hatakwambia; atakaa kwenye kochi mpaka usiku wa manane akidai anasubiri taarifa ya habari. Mtafutie gesti ya jirani yenye choo cha ndani, awe anakuja kwako kunywa chai. Watoto watandikie sebuleni. Mama mkwe mwombe aje na nazi, maana hizi za huku zimesafiri na bei imesafiri nazo. Watu wa pwani watamsifia sato wa kukaanga siku mbili tu, kisha utasikia "samaki wenu hana chumvi". Mwachie mama jiko ampike kwa tui, maneno yataisha.

Sasa Serengeti. Kutoka Mwanza lango letu ni Ndabaka, barabara ya Musoma, kama kilomita 140, lami mpaka langoni. Ila usiwaahidi nyumbu. Desemba makundi makubwa yako kusini, pande za Ndutu; huku magharibi, mto Grumeti, hupita kati ya Mei na Julai. Mtawakuta viboko, mamba, pundamilia na nyani, na kwa mtoto wa Tanga hiyo inatosha kabisa. Shida ni mvua: udongo mweusi wa upande huu ukilowa, gari dogo linazama mpaka tumboni. Kodi gari la four-wheel na dereva anayeijua njia, mlale Lamadi, alfajiri muwe getini. Vitambulisho vya taifa visisahaulike, kwani kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Kama mzee ana mgongo, mwache nyumbani bila kumlazimisha. Safari ni ya kutwa nzima na barabara za ndani zinatikisa.

Wazee wapeleke Bujora. Ni hapo Kisesa tu, na kwa maoni yangu ndipo penye raha kuliko kote mjini na kando yake. Ni makumbusho ya Wasukuma, yalianzishwa na padri Mkanada, David Clement. Kuna ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, zimepangwa kwenye banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na kanisani altare nayo ina umbo hilo hilo. Mzee aliyekuja akinung'unika kuhusu joto utamkuta amesimama mbele ya ngoma moja, anamhoji mwongozaji: hii ilipigwa nani akifa? Ulizia mapema kama siku hiyo bugobogobo, ngoma ya Kisukuma, itachezwa, na mkubaliane bei kabla ya kukaa.

Saanane ni ya watoto: boti kutoka Capri Point, dakika chache mmefika kisiwani, swala, pimbi na mijusi ya rangi kwenye mawe. Jiwe la Bismarck ni la picha tu, jioni, mkiwa njiani. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lilifunguliwa Juni 2025. Wavusheni mkale Sengerema mrudi. Ukerewe ningeiacha, saa tatu za meli na wazee wasiozoea ziwa zitakupa kazi.

Watoto wasioge ufukweni hata wakilia. Kichocho kipo, na wao wamezoea bahari ambako hakipo.

Dagaa wa kwenda nao nunueni soko la samaki la Mwaloni Kirumba siku moja kabla ya safari, waliokauka vizuri, na muwafunge kwenye mfuko ndani ya mfuko. Makondakta wa mabasi ya mbali wanaijua harufu hiyo.