Kuuza nyumba Lindi na kununua Mtwara: kabla ya bei, wajue wenye haki

Mkuu, nimekuelewa. Una nyumba ya vyumba vitatu Mtanda, Lindi. Umehamishiwa kazi Mtwara, umeipenda nyumba moja ya Chuno inayouzwa milioni 45, na dalali anakwambia muuzaji ana shida ya haraka, utoe arubuni ya milioni 5 kabla ya Jumamosi la sivyo inakwenda kwa mtu mwingine. Ya kwako bado haijapata mteja. Unauliza utoe au usitoe.

Usitoe. Naandika kwa kirefu kwa sababu njia hiyo nimeipita pande zote mbili. Niliuza nyumba ya marehemu baba yetu pale Rahaleo, Lindi, nikiwa msimamizi wa mirathi, na baadaye mimi na mume wangu tukanunua Mtwara.

Waliotangulia kukujibu wamejadili bei, kama milioni 45 ni halali kwa Chuno au umepigwa. Bei ni sehemu nyepesi. Kinachowaliza watu huku kwetu ni yule anayejitokeza pesa ikishatoka: mjane, mtoto wa mama mwingine, benki, jirani mwenye ugomvi wa mpaka. Hao ndio wa kutafutwa mapema na kukalishwa chini, uwe unauza au unanunua.

Nyumba ya baba ilikuwa na hati yenye jina lake. Kabla hata ya arobaini yake alikuja mtu na fedha taslimu, na wadogo zangu wakataka tumpe. Shida zilikuwepo, sikuwalaumu. Nilikataa kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja wetu mwenye uwezo wa kusaini mauzo yale. Mtoto wa marehemu si mmiliki mpaka mirathi ifunguliwe. Tukakaa kikao cha familia, tukaandika muhtasari, tukaenda mahakama ya mwanzo, tangazo likatoka, nikapewa Fomu Namba 4 ya usimamizi. Kisha nyumba ikahamishwa kutoka jina la marehemu kuja kwangu kama msimamizi, na hapo tu ndipo nilipoweza kumhamishia mnunuzi. Mnunuzi wa kwanza hakusubiri. Alinunua kwingine na kila la heri kwake.

Kikao chenyewe kilikuwa kizito. Mama yetu alitangulia zamani, nyumba ile akaishi mama mdogo, mke wa mwisho wa baba, pamoja na sisi mpaka tukatawanyika. Tulipokuwa tunataja bei, yeye alikuwa amekaa kwenye jamvi karibu na mlango wa uani, kimya. Aliuliza jambo moja tu: "Nanyi wanangu, mkishauza, mimi mnaniweka wapi?" Hakuna aliyekuwa amefikiria jibu. Fungu lake kwa faraidhi, mirathi ya Kiislamu, ni thumni, yaani moja ya nane, kwa sababu marehemu ameacha watoto. Nyumba baadaye iliuzwa milioni 32, kwa hiyo hata kabla ya kutoa gharama thumni haizidi milioni 4. Hiyo haimpi mtu wa umri wake nyumba ya kuingia na kulala. Tukakubaliana palepale kila mtoto amkatie katika lake, akafika milioni 8, akapata nyumba ndogo iliyokwisha kupauliwa kule Ng'apa. Ridhaa yake aliiandika kwa mkono wake mbele ya wakili. Nakusimulia haya kwa sababu yule mama angeweza kubaki ndani ya nyumba na funguo zake, na mnunuzi wetu asingemtoa kwa miaka.

Kulikuwa na dada yetu pia, wa baba mmoja, ambaye mama yake aliolewa na baba kabla ya mama yetu. Alilelewa Newala kwa wajomba zake. Kwa Wamakonde mtoto hufuata upande wa mama, basi wadogo zangu wakasema yule ni wa kwa wajomba, tusimwite. Mimi nilisema damu ya baba ni ileile na jina lake likaingia kwenye orodha ya warithi. Nyumba ilipokwisha kuuzwa, mjomba wake mmoja alishuka Lindi akiwa na barua ya kulalamika. Akaonyeshwa jina la binti yao, saini yake na kiasi alichopokea. Akanywa chai akarudi.

Kwa hiyo wewe unayenunua Chuno, anza kwa kumuuliza muuzaji: nyumba ameipataje? Akisema ya urithi, omba Fomu Namba 4 na uone orodha ya warithi wote wamekubali. Akisema ni yake na ameoa, mtake mwenzi wake aje mwenyewe kwa wakili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba tuliyonunua sisi, muuzaji alituambia mkewe yuko Masasi anauguza na ameshakubali kwa simu. Tukasema tutasubiri arudi. Aliporudi akasoma mkataba ukurasa hadi ukurasa, akauliza pesa zinaingia akaunti ya nani, akataka ziingie kwa awamu kwenye akaunti ya pamoja. Tukabadilisha kipengele hicho, akasaini. Mpaka leo tunasalimiana naye sokoni bila kinyongo.

Halafu karatasi. Usikubali kuonyeshwa hati ukairudisha ukaridhika, kwa sababu karatasi haikwambii kama imewekwa rehani. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, omba upekuzi rasmi kwenye daftari la msajili wa hati. Zamani watu wa Lindi tulilazimika kuja Mtwara kwenye ofisi ya kanda, lakini tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake, hivyo hata mteja wako wa Mtanda atapekua hukohuko Lindi. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, muda wa umiliki uliobaki (hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99), rehani ya benki na zuio kama lipo. Tulipenda nyumba moja Ligula kuliko ile tuliyonunua. Upekuzi ukaonyesha mkopo wa benki juu yake. Dalali akatuambia muuzaji ataulipa kwa pesa zetu. Njia salama ipo: wakili anakutanisha pande tatu, pesa inakwenda benki moja kwa moja, benki inaachia hati. Muuzaji alikataa utaratibu huo, akataka pesa zipite mkononi mwake. Tukaaga.

Kama nyumba haijapimwa na kilichopo ni karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, hiyo ni biashara ya aina nyingine na bei yake lazima iwe ya chini. Nenda na majirani wa pande zote nne, wasimame kwenye mipaka mchana kweupe, majina yao yaandikwe.

Sasa nyumba yenyewe. Mtwara ni bahari, na chumvi ndiyo adui wa nyumba huku, hasa Shangani na pembezoni mwa Mikindani. Muuzaji anayejua kuuza hupaka rangi wiki moja kabla. Tulikwenda kutazama nyumba moja nzuri kwa mbele, rangi bado inanuka. Fundi wangu hakuangalia sebule kabisa. Aliomba kabati la chumbani livutwe, akakwaruza plasta ya nyuma yake kwa ukucha, ikamwagika kama unga wa sembe, mstari mweupe umepanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti. Akatoka nje, akatazama renta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha: ufa mwembamba umelala sambamba na nondo, na doa la kahawia limechuruzika chini yake. Akaniambia nondo zimeshika kutu, zimevimba, zinasukuma zege. Pengine tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wa pwani. Ukarabati wa namna hiyo haumalizwi kwa kupaka rangi, ni kubomoa renta. Tulimshukuru mwenye nyumba tukaondoka. Mlipe fundi wako mwenyewe, asiwe fundi wa dalali. Na kama unaweza, tazama nyumba wakati wa mvua. Huku kusini mvua ni msimu mmoja mrefu, mwisho wa mwaka hadi Aprili hivi, na nyumba iliyo bondeni itajisema yenyewe.

Mita ya umeme nayo ikague. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa humohumo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mita iliyokaa bila kununuliwa umeme inaweza kukulimbikizia deni. Uliza pia risiti za kodi ya pango la ardhi. Kodi hiyo ikiwa na malimbikizo, uhamisho hautasogea mpaka ilipwe.

Kuhusu kodi za mauzo, andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, vinginevyo mtagombana mwishoni. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Sisi hatukuwa na stakabadhi hata moja za ujenzi wa baba, hivyo tukaangukia utaratibu ulioletwa 2022 wa asilimia 3 ya bei ya kuuzia kwa asiye na kumbukumbu za gharama. Kwa milioni 32 ni shilingi 960,000. Ushuru wa stempu asilimia 1 ni wa mnunuzi, kwako wewe kwa milioni 45 ni 450,000. Ongeza wakili, mthamini na ada za uhamisho, fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 zinazojazwa pamoja. Weka fedha hizi pembeni kabla hujapatana bei.

Hapo kwenye kodi ndipo dalali atakunong'oneza mwandike mkataba wa milioni 20 ili mpunguze. Kataa kwa nguvu zote. Mauziano yakivunjika mahakamani utadai milioni 20 iliyoandikwa, na siku wewe utakapouza, faida yako itahesabiwa kuanzia hiyo 20. Anayeokoa ni muuzaji, anayebeba hatari ni wewe. Na kuudanganya mkataba ni kosa, basi.

Dalali simchukii. Yule aliyetuletea mnunuzi wa Rahaleo alifanya kazi na alilipwa haki yake. Lakini jitahidi umkutanishe na mwenye nyumba mezani, bei itamkwe na mwenyewe, maana cha juu, ile nyongeza anayojiwekea dalali kwenye bei, kinajificha pale ambapo wawili hawajaonana. Mwenye nyumba anaweza kuwa anataka 38.

Nimefika kwenye bei sasa. Kwetu pesa ya nyumba inafuata korosho. Minada ya msimu huanza Oktoba, wakulima na wafanyabiashara wakishalipwa ndipo unapoona watu wenye nia. Nyumba ya baba ilikaa sokoni tangu Mei ikitazamwa tu. Mnunuzi wa kweli alipatikana Desemba, mkulima kutoka Nachingwea aliyetaka watoto wake wasome mjini. Msimu ukiharibika, nyumba nazo zinalala. Mnaokumbuka 2018, pale wanunuzi binafsi walipogoma na serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yakachelewa kwa wengi, mtaani kwetu vibao vya "Nyumba Inauzwa" vilichakaa kwa jua.

Ipo na bei ya gesi, ile inayopandishwa na matumaini ya miradi ya gesi, nayo ndiyo inayowapoteza wauzaji. Mtwara kabla ya 2013 kila mwenye uwanja aliona kampuni ikija kupanga kwake. Mwezi Mei mwaka ule zikatokea vurugu, nyumba zikachomwa, watu wakafa, bomba la gesi likaenda Dar es Salaam, na waliokataa pesa nzuri wakisubiri kubwa zaidi walibaki na nyumba zao. Lindi leo naisikia lugha ileile kwa sababu ya mradi wa gesi wa Likong'o. Natamani mradi uje, tunauhitaji. Lakini mnunuzi wa mwaka huu ana pesa ya mwaka huu. Panga bei ya Mtanda kwa nyumba zilizouzwa kweli mtaani kwako, ukiuliza waliouza, achana na bei zilizobandikwa ukutani.

Turudi kwenye Jumamosi yako. Mwambie dalali unataka vitu vitatu: namba ya kiwanja na kitalu, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na siku ya kumwona yeye na mwenzi wake. Muuzaji mwenye shida ya kweli atakupa siku hiyohiyo, kwani upekuzi unamsaidia auze haraka. Vikija, na upekuzi ukiwa safi, ndipo utoe arubuni kupitia mkataba wa wakili, wenye sharti kwamba inarudishwa kama uhamisho utakwama upande wake, na sehemu kubwa ya bei ilipwe uhamisho ukishapitishwa. Usimwahidi tarehe ya kumaliza kwa kutegemea pesa za Mtanda. Mnunuzi wako akisema "keshokutwa" nawe ukaibeba hiyo keshokutwa ukamkabidhi mtu wa Chuno, arubuni yako itapotea kwa kosa la mtu wa tatu. Ikiwa Mtanda haijauzwa, panga chumba na sebule Mtwara kwa miezi michache, ni nafuu kuliko milioni 5. Mpangaji aliyemo Mtanda, kama yupo, mpe taarifa ya maandishi sasa, ili kufika Oktoba mteja akute nyumba iko wazi.