Wafanyakazi wa Nairobi hawagawanyiki mafungu mawili

Ndugu, umeuliza kama kwenye tasnifu yako unaweza kuwagawa wafanyakazi wa Nairobi mafungu mawili, wa ajira rasmi na wa jua kali, yaani sekta isiyo rasmi, na kuchukulia kwamba wa jua kali wote wanasubiri nafasi upande wa pili. Nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja Industrial Area, na sasa nina banda la kuchomelea vyuma Kariobangi. Ushauri wangu: usifanye hivyo.

Wanauchumi Harris na Todaro huwezi kuwaruka. Modeli yao ya 1970 inasema mtu hulinganisha kipato cha shamba na mshahara wa mjini, baada ya kuuzidisha kwa uwezekano wa kuupata. Ndiyo maana nafasi zikiongezwa mjini, wanaotafuta kazi wanaweza kuzidi badala ya kupungua. Ila katika modeli hiyo aliyekosa kazi mjini hana kipato chochote, na ripoti ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) ya 1972 kuhusu Kenya ilionyesha wazi kwamba watu hao wanafanya kazi. Mwanauchumi Gary Fields akaiongeza sekta isiyo rasmi kwenye modeli hiyo mwaka 1975. Anzia kwake.

Kisha ingia ndani ya geti la kiwanda, maana hapo ndipo modeli nyingi zinapokwama. Kwetu wa kudumu walikuwa wachache. Wengine walichaguliwa getini asubuhi na kulipwa kwa siku. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo hadi siku zifikie mwezi, ajira yake inabadilika na anapata haki nyingine. Basi msimamizi aliwapumzisha kabla mwezi haujatimia, halafu akawaita upya. Mashine ileile, bosi yuleyule, mmoja analipiwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na mwenzake halipiwi. Dhuluma hiyo haionekani ukiigawa kazi kwa aina ya mwajiri. Urasmi ni uamuzi wa mwajiri kwa kila mfanyakazi: anapima mchango wa NSSF na ada ya serikali ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara upande wake, na uwezekano wa mkaguzi wa kazi kubisha hodi. Viweke hivyo kwenye milinganyo yako.

Upande wa Kariobangi, fundi ninayefanya naye kazi aliacha kiwanda kwa hiari. Wiki ya mageti na madirisha anapata zaidi ya alivyolipwa kule, wiki kavu hapati kitu. Anaimudu kwa sababu mkewe ameajiriwa kwa mshahara wa mwezi, na mkopo wa sako (chama cha kuweka na kukopa) wa huyo mama ndio ulionunua mashine ya kuchomelea. Ukimhesabu mume peke yake utasema ni maskini anayengoja ajira. Kaya yao ndiyo iliyoamua mmoja akae kwenye mshahara na mwingine ajaribu bahati.

Ukienda kuhoji watu, usiulize tu “umeajiriwa wapi?” Uliza kama ana mkataba wa maandishi, nani anamlipia NSSF, alifanya nini mwezi uliopita, na nani mwingine nyumbani analeta pesa.