Mwalimu wa insha ya chuo: umlipe au umwache?
Dada, umesema mwalimu unayetaka kumlipa ameahidi kumwandikia binti yako insha ya kuombea vyuo vya Marekani. Huyo mwache. Kwenye Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja, mwombaji huthibitisha kuwa kazi ni yake, na chuo kikigundua uongo kinaweza kufuta nafasi. Mwalimu wa kweli kazi yake ni kuuliza. Binti akiandika "napenda kusaidia jamii", anambana: nani, lini, ulifanya nini hasa? Kisha binti anaandika upya mwenyewe, anapunguza mpaka isizidi maneno 650. (Hapo wengi hulia!) Kabla ya kutoa hela, waulizeni EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani ya kushauri wanaotaka kusoma huko, kupitia ubalozi wa Marekani; taarifa za msingi hutoa bure.