Sanction: kitenzi kilichoninyang'anya kazi

Juzi msomaji mmoja aliniandikia akiwa na hofu. Barua ya mwajiri wake ilisema likizo yake imekuwa sanctioned, naye akaelewa kwamba amewekewa vikwazo. Nilimjibu papo hapo: nenda kapumzike, umekubaliwa. Kisha nikashindwa kuendelea na kazi, maana kitenzi hicho cha Kiingereza nakijua kwa machungu.

Katika mwaka wangu wa tatu wa kufasiri nilikabidhiwa ripoti ya fedha ya taasisi moja. Sentensi ilisema bodi ili-sanction malipo yaliyofanywa na mhasibu. Nikaandika kwamba bodi ilimwadhibu mhasibu kwa malipo hayo. Kumbe iliyaidhinisha! Ripoti ikachapwa, ikasomwa mkutanoni, na mhasibu mwenyewe akasimama mbele ya wenzake kuuliza amekosa nini. Hakuna aliyenifokea. Waliacha tu kuniletea kazi, na hilo liliniuma kuliko kufokewa.

Nilikuwa nimejifunza neno hilo kwenye taarifa za habari, ambako kila siku nchi fulani imewekewa sanctions. Kamusi ilikuwa mezani. Sikuifungua, kwa sababu neno nilikuwa "nalijua".

Nilipolifuatilia baadaye nililikuta limetoka kwenye Kilatini, sancire, yaani kulifanya jambo liwe takatifu, lisivunjwe. Ni ukoo mmoja na sanctus, mtakatifu. Warumi waliita sanctio ile sehemu ya sheria iliyotaja adhabu ya atakayeivunja. Hapo ndipo penye siri yote: aliyeipa sheria nguvu ndiye huyo huyo aliyeshika fimbo. Ndiyo maana mwaka 1713 Charles VI, Kaisari wa Dola Takatifu la Roma, alipotoa Pragmatic Sanction ili binti aweze kurithi milki zake, hakumwadhibu mtu, ilikuwa amri. Na mwaka 1935 Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilipochukua sanctions dhidi ya Italia kwa kuivamia Ethiopia, fimbo ndiyo iliyoonekana. Kama kitenzi, Waingereza walianza nacho kwa maana ya kuidhinisha. Kuadhibu kulikuja baadaye sana.

Kwa hiyo tazama kinachofuata baada ya kitenzi. Kikiwa ni jambo, kama malipo, likizo au mradi, mara nyingi ni idhini. Akiwa ni mtu, au ikiwa ni kampuni au nchi, mara nyingi ni adhabu. Nomino ikiwa katika wingi, karibu daima ni vikwazo. Ikiwa katika umoja, soma aya nzima kabla hujaamua. Kisha fungua kamusi. Narudia, fungua kamusi, hata kama una miaka 20 kazini.

Wewe unayetaka kula kwa kalamu kama mimi, usijidanganye kwamba kasi ndiyo ufundi. Leo nachelewesha kazi siku nzima kwa ajili ya kitenzi kimoja na sioni haya kumwambia mteja hivyo. Wapo waliobaki nami kwa sababu hiyo.

Na ukikosea, mtafute aliyeumizwa na neno lako. Mimi niliiomba radhi bodi kwa barua ya kurasa mbili. Yule mhasibu sikumwandikia hata mstari mmoja.