Mlevi akihema mbio, usimwache alale

Hapa Moshi, mtu akiamka na uchovu wa pombe anapewa mtori, anaachwa alale, jioni anakuwa sawa. Kwa aliyekunywa spiriti, usingizi huo unaweza kumuua.

Shemeji yangu alikunywa spiriti ya fundi seremala, ile ya kuchanganyia polishi, kwa sababu hela ya pombe iliisha na mikono ilikuwa inatetemeka. Usiku ule alionekana amelewa tu. Kesho yake mchana nikamkuta amekaa kitandani anahema haraka na kwa nguvu, kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Akaniuliza, "Shemeji, mbona mmefunga madirisha?" Yalikuwa wazi, jua la saa nane linawaka.

Spiriti nyingi za aina hii zina methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na kazi hiyo huchukua muda: mara nyingi saa 12 hadi 24, na zaidi kama alichanganya na pombe ya kawaida, maana ini huanza na pombe. Damu ikijaa asidi, mwili hujaribu kuipunguza kwa kuhema. Asidi hiyohiyo ndiyo inayoharibu macho. Dawa ya kupoza rejeta ya gari nayo ni hatari ikinywewa. Ina ladha tamu, lakini huua figo.

Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama hujui alichokunywa. Mlevi aliyetapika siku kadhaa bila kula naye damu yake inaweza kujaa asidi. Usimtapishe, usimpe maziwa. Chukua chupa uende nayo. Mama mkwe alitaka tuseme ni malaria, kwa aibu; nikamwomba, mama, tuseme ukweli, maana matibabu ni tofauti kabisa. Kuna dawa ya kuzuia sumu isigeuke asidi, kuna bikaboneti ya kupunguza asidi kwenye damu, kuna kusafisha damu kwa mashine. Si kila hospitali inavyo, kwa hiyo ulizeni rufaa mapema. Madaktari wengine hutumia pombe iliyopimwa kama tiba, lakini hilo si la kujaribu nyumbani.

Shemeji alipona, ila macho hayajarudi kama zamani.

Akiruhusiwa kutoka, jamani, msimfungie ndani aache pombe ghafla. Aliyezoea kunywa kila siku anaweza kupata degedege na kufa. Kabla hamjaondoka wodini, mwombeni daktari ampangie namna salama ya kuacha, na spiriti iliyobaki nyumbani itoeni kabisa.